Miezi Thelathini na Sita ya Sajini

Ukimwuliza Sajini hali, alikujibu kwa idadi ya miezi. "Ishirini na tisa," angesema, huku akikubana mkono mlangoni mwa ukumbi tuliokuwa tukiukodi DeSoto, kusini mwa Dallas, kwa ibada ya Jumapili. Wageni walidhani anataja umri wa mtoto. Sisi tuliomzoea tulijua. Serikali ya Marekani ilimwahidi, kwa miaka minane aliyoitumikia jeshini, msaada wa miezi thelathini na sita ya masomo ya chuo, ikampa miaka kumi tangu siku alipovua sare awe ameimaliza. Mwezi ambao ungekutwa haujatumika baada ya hapo ungefutwa. Kwa hiyo aliitangaza hadharani, na kila idadi iliposhuka alitaka tujue kwamba imeshuka kwa jambo la maana.

Alichokitaka hakukificha. Alitaka kuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya umma, na kwa kazi hiyo jimbo la Texas lilidai shahada kwanza, kisha mafunzo na leseni. Jeshini alitengeneza malori. Uraiani alipanga shehena katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, kazi aliyoifanya vizuri na kuidharau kwa moyo wote. "Maboksi hayaulizi swali," alituambia. "Mimi nataka watu watakaonibishia."

Kubishiwa alikupenda, mradi ashinde yeye. Hakuwa mtu mwepesi. Alikatiza wenzake maneno, alisahihisha mahubiri ya mchungaji wakati wa chai, na alikuwa na dharau isiyo na msingi kwa wauguzi, ambao walikuwa nusu ya kanisa. "Mkenya akishuka kwenye ndege Texas, kabla hajapata begi lake ameshavishwa stethoskopu," alisema siku moja mezani. Mkewe, muuguzi aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba miaka yote hiyo, alimjibu bila kuinua macho kwenye sahani yake: "Na anayekosa stethoskopu anapewa mke mwenye nayo." Ukumbi mzima ulicheka. Sajini alicheka kuliko wote, kisha akaenda kumwongezea mkewe wali, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulifanya mbele za watu.

Alilisema jeshi vibaya na kuliishi kila siku. Mashati yake ya wiki nzima aliyapiga pasi Jumapili alasiri, mikunjo mitatu mgongoni, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Alikula haraka, amekaa akitazama mlango. Vijana walipomwendea wakitaka kujiunga ili wasomeshwe, aliwafukuza kwa ukali. Wazazi wao walipowafuata kumwomba awashawishi wasijiunge, aliwauliza wao ada wataitoa wapi. Na yeyote aliyethubutu kusema kwamba Sajini anasoma bure alijuta. "Bure? Nilikatwa mshahara mwaka mzima wa kwanza kwa ajili ya masomo haya. Nimelala jangwani, mchanga mpaka kwenye meno. Hii si sadaka, bwana. Nimelipa kabla ya kuhudumiwa."

Somo lake alilolipenda lilikuwa historia ya sheria ya kuwasomesha askari, hiyohiyo iliyomsomesha. Ungemwona amesimama kando ya birika la chai, akieleza jinsi askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walivyovijaza vyuo vya Marekani hadi madarasa yakafanyika kwenye mabanda. Jinsi watoto wa wakulima na wachimba makaa, ambao baba zao hawakuwahi kupita hata kwenye geti la chuo, walivyotoka humo wahandisi na maprofesa. Chuo kikuu, kilichokuwa nyumba ya watoto wa wenye nacho, kilibadilika ndani ya miaka michache. Hapo angenyanyua kidole. "Lakini milango ipi ilifunguka?" Na angeendelea kueleza kwamba askari mweusi wa Texas hii hii, aliyepigana vita hivyo hivyo, alikwenda na haki hiyo hiyo kwenye vyuo vikubwa akarudishwa kwa sababu ya ngozi yake, akaelekezwa kwenye vyuo vichache vya watu weusi ambavyo havikuwa na vitanda wala viti vya kutosha, na wengi wakarudi nyumbani. "Karatasi ilikuwa ile ile," alimalizia kila mara. "Tofauti ilikuwa aliyeshika mlango."

Imenipasa sasa kusema mimi nilikuwa wapi katika habari hii, kwa kuwa nilikuwa nimeushika mlango.

Nilihitimu katika chuo kikuu cha umma mwishoni mwa miaka ya tisini, nikapata kazi Plano, katika chuo cha biashara, yaani chuo cha binafsi kinachoendeshwa kwa faida, kilichokuwa kwenye jengo la vioo lenye chemchemi mbele. Sitakitaja jina, kilikufa, na vingine vya ukoo wake havijafa. Cheo changu kiliandikwa mshauri wa masomo. Kazi yangu ilikuwa kuuza kwa simu. Tulipewa maneno ya kusema, yamechapwa na kuwekewa plastiki, na chini yake majibu ya kila kusita kwa mteja. Wiki ya pili niligundua kwa nini kila mara tuliambiwa tuwatafute wanajeshi. Sheria ilivitaka vyuo vya biashara vithibitishe kwamba sehemu ya mapato yao haitoki kwenye misaada ya wanafunzi ya serikali kuu. Ilikuwa sheria ya haki. Lakini fedha za masomo za wanajeshi, ingawa zilitoka katika hazina ile ile, zilihesabiwa kama zimetoka kwingine. Kwa hiyo kila askari tuliyemsajili alitufungulia nafasi ya kusajili raia wengine wengi kwa fedha za serikali hiyo hiyo. Msimamizi wangu, mtu mchangamfu aliyetuletea keki Ijumaa, aliniambia waziwazi: "Nyinyi watu wa Afrika mna makanisa. Anza huko."

Nilianza huko. Mchungaji alinisimamisha mbele ya waumini akasema, "Tumshukuru Mungu, wapendwa. Sasa tuna mtu wetu ndani ya chuo." Makofi yakapigwa.

Asiyetoka kwetu hataelewa uzito wa makofi yale. Sisi tumekulia mahali ambapo mtu haendi ofisini kabla hajauliza ni nani anamjua mle. Faili hupotea, karani hutoka kwenda kunywa chai na harudi, fomu huisha ukifika wewe. Anayejulikana ndani hupona. Na ukishapata mtu wako, humwulizi kitu. Kumwomba akuonyeshe uthibitisho ni sawa na kumwuliza mama aliyekukaribisha chakula kama amenawa mikono. Tabia hiyo tulivuka nayo bahari, nzima nzima, na mwajiri wangu aliigundua kabla sisi wenyewe hatujaigundua.

Sajini alikuwa mtu wa mwisho ambaye ningetarajia anaswe hivyo. Baada ya ibada alikuwa na meza yake pembeni ya ukumbi, ambapo watu walimletea mikataba ya nyumba, ya magari, ya kazi, naye akaisoma yote mpaka maandishi madogo. Alikuwa na amri moja: usitie sahihi ukiwa umesimama. Aliwavutia watu viti. "Kaa kwanza," aliwaambia. "Karatasi inayokuharakisha ina kitu inakuficha." Akina mama walimtania kwamba hata kadi ya siku ya kuzaliwa angewakalisha.

Siku alipokuja ofisini kwangu Plano alikuwa amevaa sare ya ghala, akitazama saa. Alikuwa amesoma miezi saba katika chuo cha jamii, masomo mazuri, lakini ratiba ya madarasa iligongana na zamu zake na foleni ya masomo ya jioni ilikuwa ndefu. Sisi tulikuwa na masomo ya jioni, ya kusomea nyumbani kwa kompyuta, ya wakati wowote. Nilimvutia kiti.

"Kwako nikae nifanye nini?" alicheka. "Wewe ni mtu wetu." Akatia sahihi kurasa zote tano amesimama.

Je, nilijua? Nilijua kwamba ithibati ya chuo chetu ilikuwa ya aina ambayo vyuo vya umma havikuiheshimu, na kwamba wanafunzi waliojaribu kuhamia huko walianza upya. Kwenye ile karatasi ya plastiki kulikuwa na jibu lake: kila chuo hujiamulia chenyewe. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ilitungwa ili kudanganya. Sikuhitaji hata kuitumia. Hakuniuliza.

Miezi ikaanza kushuka. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Tisa. Alisoma kama mtu anayechimba kisima. Insha zake aliziandika kwa mkono wakati wa mapumziko ghalani, akazichapa usiku, na maoni yaliyorudi yalikuwa yale yale: kazi nzuri sana. Akaingiwa na shaka. Katikati ya insha kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipachika aya nzima ya namna ya kusonga ugali, kuanzia maji kuchemka mpaka kuugeuza. Insha ikarudi na alama zote. Alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa.

"Msomi, hawa watu wako wanajua ugali!"

Kisha kicheko kikakatika. "Hawasomi, sivyo?"

Nilimwambia kwamba huenda mwalimu alikuwa na wanafunzi wengi, na kwamba mwishowe shahada ni shahada. Alikuwa amebakiza miezi tisa. Aliniamini, au aliamua kuniamini; sijui tofauti yake ni nini kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kurudi.

Alihitimu. Kanisa zima lilikwenda kumwona amevaa joho, na mbuzi wawili wakachinjwa kwenye shamba la rafiki wa mchungaji na kuchomwa nyuma ya nyumba ya Sajini. Mchungaji alimwita Mwalimu kabla ya wakati wake. Shahada ikawekwa kwenye fremu sebuleni.

Majuma matatu baadaye alisimama mbele ya dawati langu tena. Alikuwa ametoka katika ofisi inayopokea wanaotaka kusomea ualimu. Bibi wa mapokezi alitazama jina la chuo, akaangalia orodha, akafunga faili, akamrudishia kwa mikono miwili. Shahada ile haikutambuliwa.

"Ulijua?" Sajini aliniuliza.

"Sajini, mimi nilidhani—"

"Sikukuuliza ulidhani nini. Ulijua?"

"Nilijua nusu."

"Nusu ipi?"

Nikasema, "Ile inayokuhusu wewe."

Hakunipiga, ingawa watu wa ofisini walisimama wakidhani atanipiga. Alitoka, na pale mapokezi akamkuta kijana mwenye nywele za kijeshi akijaza fomu. Akamchukulia kalamu mkononi, taratibu, akamwambia kwa sauti iliyosikika jengo zima: "Afande, nenda nyumbani." Walinzi walimsindikiza mpaka kwenye chemchemi.

Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi siku hiyo. Nilibaki mwaka mmoja na miezi kadhaa, kwa kuwa kibali changu cha kuishi nchini kilimtegemea mwajiri huyo. Hiyo ni sababu. Si udhuru.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba hakuna aliyevunja sheria. Serikali ililipa kwa wakati. Chuo kilipokea kwa wakati. Mimi nilipandishwa cheo. Mtu pekee katika mnyororo ule aliyekuwa amelipa mapema, kwa mwili wake na miaka yake, ndiye pekee aliyetoka mikono mitupu, na kila ofisi aliyoiandikia ilimjibu kwa adabu kwamba miezi yake imetumika ipasavyo. Imetumika! Na sheria ambayo wakati mmoja iliviinua vyuo kwa kuviletea watu wapya, sasa ilikuwa ikizalisha vyuo vya kuwinda watu hao: matangazo nje ya mageti ya kambi, bendera kwenye kila ukurasa, picha za wanawake wenye sare wakikumbatia vitabu. Chuo cha jamii, ambacho kingemfundisha kweli, hakikuwa na fedha za kuongeza darasa moja la jioni. Sisi tulikuwa na fedha za chemchemi.

Baadaye sheria mpya ilikuja, yenye ukarimu mkubwa zaidi, kwa waliotumikia baada ya minara ya New York kuanguka. Sajini alikuwa amevua sare kabla. Haikumhusu hata kwa siku moja. Nilisikia kwamba aliisoma yote, mstari kwa mstari, na akaisifu kanisani; kisha akasema kwamba sasa wawindaji nao wataongezeka.

Na ile fremu hakuiteremsha. Wengi walimshauri. Mkewe ndiye aliyeniambia alivyowajibu: "Waliosahihisha hawakusoma. Mimi niliandika. Itakaa."

Walihamia Pearland, mkewe alipopata kazi katika hospitali moja kubwa ya Houston. Miaka ikapita bila sisi kuonana. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili, mawakili wa wanafunzi walianza kukusanya, kwa ajili ya kesi, maelezo ya waliowahi kufanya kazi katika kile chuo, nami nikaandika yangu, kurasa tatu. Kabla ya kuyapeleka niliendesha gari kutoka Dallas hadi kwake, Jumamosi moja, saa nne za barabara, bila kuwa na hakika kama atanifungulia.

Alifungua. Mvi zilikuwa zimemjaa, na miwani ilining'inia kifuani kwa kamba. "Msomi," alisema. "Vua viatu. Zulia ni la Mama."

Alisoma kurasa zangu mezani, kalamu nyekundu mkononi. Mkewe aliniwekea chai bila kunisemesha, nami nikaona ni haki. Kwenye ukurasa wa pili kalamu yake ilisimama.

"Umeandika hapa, 'kulikuwa na upungufu wa taarifa kwa wanafunzi.' Nani alipungukiwa?"

"Wanafunzi."

"Na taarifa zilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Basi ziandike zikiwa kwako."

Nilikata sentensi, nikaandika juu yake: *Nilificha.* Aliitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba.

Tulikuwa bado mezani kengele ilipolia. Aliyeingia alikuwa Furaha, binti wa Kikongo wa kanisani kwao, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, aliyetoka jeshini mwezi uliotangulia akiwa na haki yote ya ile sheria mpya. Alitusalimia akikunja magoti kidogo, namna ya kwao, akaweka bahasha mezani.

"Baba Sajini, batu ba ile chuo banapiga simu kila siku. Leo tu, mara tatu. Banasema ni-signer fomu yabo kesho, juu nafasi zinaisha. Iko Mukenya moja kule, anasema Kiswahili muzuri sana."

Sajini hakuifungua bahasha. Alinigeukia. "Mwambie ulivyokuwa ukisema."

"Nini?"

"Kwenye simu. Yote. Kama anakusikia kwa mara ya kwanza."

Nilikuwa sijayatamka maneno yale kwa miaka. Yalitoka yenyewe, kwa mpangilio wake, na sauti yangu ikalainika bila ruhusa yangu. Nilimwambia Furaha kwamba amelitumikia taifa na sasa ni zamu ya taifa kumtumikia yeye. Nilimwambia kuhusu ratiba inayomngoja badala ya yeye kuingoja. Nilimwambia mama yake atakavyojisikia siku ya joho. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza macho yake yalikuwa na maji.

"Ni muzuri," alisema.

"Ni nzuri sana," Sajini akakubali. "Mimi ilininunua. Sasa umeisikia mchana, umekaa, na mimi nipo. Una swali?"

Furaha alinigeukia. Aliuliza bila ukali wowote, kama anayeuliza njia.

"Na weye, papa, ulisomea kule?"

Mamia ya watu walipita mikononi mwangu Plano, na nusu yao niliwaita kaka na dada. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo.

"Hapana," nilisema. "Nilisoma chuo cha serikali."

Furaha alitoa simu yake, akabonyeza ile namba, akaiweka katikati ya meza na kufungua spika. Ilipokelewa mara moja. Sauti ya kijana, changamfu, ya Nairobi kabisa: "Dada Furaha! Nimekuwa nikingoja simu yako, aki. Uko tayari tumalizie hiyo form?"

"Kaka, swali moja tu. Weye ulisomea hapo?"

Tulisikia simu nyingine zikilia nyuma yake, na watu wakizungumza wote kwa pamoja.

"Mimi? Eh… mimi hapana, lakini, dada, ngoja kidogo nikuunganishe na msimamizi wangu, yeye ata—"

"Asante, kaka," Furaha alisema, akakata.

Mkewe Sajini aliinuka akaongeza kikombe cha nne. Sajini alivuta miwani kutoka kifuani, akaivaa, akaanza kupekua lundo la vitabu na madaftari kwenye kiti cha pembeni mpaka akapata karatasi iliyokunjwa ya chuo cha jamii, chini ya maili tano kutoka pale, ratiba ya mwanafunzi yenye jina lake mwenyewe juu na mistari iliyopigwa kwa wino mwekundu.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," alimwambia Furaha. "Nitakupeleka mwenyewe kwenye usajili. Usichelewe, darasa langu linaanza saa tatu."